Maumivu Yasiyo na Jina: Maisha ya Elizabeth Barrett

Mshairi Elizabeth Barrett alizaliwa Uingereza mwaka 1806. Alipokuwa na miaka 15 yeye na wadogo zake wawili wa kike walishikwa na ugonjwa. Wadogo wakapona, yeye hakupona. Kichwa na mgongo vilimwuma mno, na madaktari, wasijue la kufanya, wakamtibu kama mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo. Walimpa afyuni, naye aliitegemea mpaka kufa.

Sisi tuliofundisha vijana tunajua jinsi mgonjwa asiye na jina la ugonjwa wake anavyodhaniwa mvivu. Lakini binti huyu, mwaka 1833, alitoa tafsiri ya mchezo wa Kiyunani, kazi inayowashinda wengi wenye afya! Mwaka 1843, akiwa hatoki chumbani mwake London, alitoa shairi la kuwatetea watoto waliofanyishwa kazi migodini na viwandani.

Mwaka 1846 aliolewa kwa siri na mshairi Robert Browning, katika kanisa la St Marylebone. Baba yake hakumsamehe kamwe. Kwetu sisi, huo ulikuwa ukatili. Wakahamia Italia, akapata nguvu kidogo, na mwaka 1849 akazaa mwana. Alifariki Florence mwaka 1861. Mabingwa wa tiba bado hawajakubaliana ugonjwa ule ulikuwa gani.