MAISHA YA BADEN-POWELL NA KAMBI YA VIJANA ISHIRINI

Katika numero hii tunapenda kueleza maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu tunalisikia kwa maskauti tu, lakini hatujui alitoka wapi wala ginsi gani kazi yake ilianza. Kumbe ilianza na vijana kama 20 tu, ndani ya mahema, kwa siku chache.

Robert Baden-Powell alizaliwa London, kule Uingereza, tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa mchungaji wa Anglikana na tena mwalimu mkubwa wa hesabu kule Oxford. Akafa wakati mtoto alikuwa na miaka 3, na mama akabaki kuwalea watoto wote peke yake. Masomoni Robert hakuwa mtu wa fasi ya kwanza. Karibu na shule yake ya Charterhouse kulikuwa pori dogo, wanafunzi wamekatazwa kuingia. Yeye aliingia. Alikuwa anakamata sungura, anampika kwa moto mdogo usiotoa moshi, sababu walimu wasimwone. (Hatuandiki hii ili mtu akimbilie pori nyuma ya interna!) Alishindwa kuingia Oxford, akaingia jeshi, na mwaka 1876 wakamtuma India.

Hapa inatupasa kusema kweli yote, juu sisi ni Waafrika na maisha ya huyu mtu yalipita kwetu. Mwaka 1896 alipigana na Wamatabele, katika nchi tunayoita leo Zimbabwe. Sultani mmoja, jina lake Uwini, alikamatwa, akahukumiwa na baraza la askari, akapigwa risasi kwa amri ya Baden-Powell. Wakubwa walifanya uchunguzi, lakini hakupata azabu. Katika vita ile alipata pembe ndefu ya tandala, yenye kupindika, ambayo watu wale walikuwa wanaipiga kuitana. Tuishike akilini ile pembe.

Kisha ikaja vita ya Waingereza na Makaburu. Tangu Oktoba 1899 mpaka Mei 1900, siku 217, Makaburu waliuzunguka mji wa Mafeking, na Baden-Powell alikuwa mkubwa wa askari ndani. Mji haukuanguka, na kule Uingereza watu walicheza barabarani kwa furaha. Lakini posho ya watu weusi mjini ilikuwa kidogo kuliko ya Wazungu, na wengi wao walikufa na njaa. Waandishi wa historia wanabishana hata leo juu ya kosa lake katika jambo hili. Sisi hatuwezi kulikata, lakini kulificha hapana.

Katika Mafeking ile ile aliona jambo lingine. Askari hawakutosha, basi watoto wanaume wa Wazungu walipangwa kwa kikundi, wakapewa kazi ya kupeleka barua, wengine juu ya kinga, hata wakati mizinga ilipolia. Walifanya kazi sawa watu wazima. Aliporudi kwao alikuta kitabu chake cha mwaka 1899, alichoandika kufundisha askari upelelezi, kinasomwa na watoto na walimu. Na William Smith, aliyeanzisha Boys' Brigade kule Glasgow mwaka 1883, akamhimiza aandike kingine kwa ajili ya vijana. Lakini hakutaka kuandika maneno ya kichwani tu. Alitaka kujaribu kwanza.

Ndipo mwanzo wa Agosti 1907 alipeleka vijana kama 20 kwa kisiwa kidogo cha Brownsea, upande wa kusini wa Uingereza. Karibu nusu walikuwa watoto wa matajiri, wa shule kama Eton na Harrow. Wengine walikuwa watoto wa kazi wa Boys' Brigade, wa miji ya Poole na Bournemouth iliyo karibu. Tajiri alilipa paundi 1, maskini shilingi 3 na nusu. (Wakati ule paundi 1 ilikuwa shilingi 20.) Katika Uingereza ya siku zile watoto wa namna mbili hizi hawakuweza hata kukaa meza moja. Baden-Powell akawachanganya, akawakata kwa vikundi vinne: Mbwa-mwitu, Kunguru, Ng'ombe-dume, na mmoja wa ndege wa pwani. Kila mtu alifunga utepe wa rangi ya kikundi chake begani.

Jambo kubwa, kwa mawazo yetu, ni hili: kiongozi wa kila kikundi alikuwa kijana mwenyewe, na madaraka yake yalikuwa ya kweli. Sisi tunajua ekipe zetu za kufagia: watatu wanafagia, kumi wanatazama, kisha mwalimu anakuja kupiga kelele. Kule haikuwa hivyo. Kila usiku kikundi kimoja kiliondoka mbali na mahema, na unga, nyama na viazi vyao, wawashe moto wao, wapike, walale, na waweke zamu ya ulinzi. Baden-Powell mwenyewe alikuwa anakuja gizani kwa kutambaa, ajaribu kuwapita. Mlinzi akisinzia, aibu ilikuwa ya kikundi chote. Kama watu ni watano tu, mvivu atajificha nyuma ya nani?

Mchana walijifunza kufunga kamba, kusoma nyayo kwa mchanga, kuokoa mtu majini. Kila siku walisali. Jioni walizunguka moto, mkubwa wao anasimulia hadithi, na watoto wa Eton wanaimba wimbo wa Kizulu! Na asubuhi ni nini iliwaamsha? Ni ile pembe ya Wamatabele. Sisi tulipojua jambo hili tulinyamaza kidogo.

Mwaka 1908 kitabu kilitoka vipande vipande, na watoto hawakungoja mtu: walijipanga wenyewe kwa vikundi, kisha ndiyo wakatafuta mkubwa wa kuwasaidia. Mwaka 1909 hata wabinti walifika kwa mkutano wao London bila kualikwa, na mwaka 1910 dada yake Agnes akawaanzia chama chao. Mwaka ule ule akaacha jeshi. Mwaka 1920 maskauti wa nchi nyingi walimchagua kuwa mkubwa wao wa dunia nzima.

Siku za uzee alihamia Nyeri, katika Kenya, na mke wake Olave. Akafa hapo tarehe 8 Januari 1941. Juu ya kaburi lake wamechora duara na nukta katikati. Ni alama ya njia ya maskauti: mwenye kutangulia anawajulisha wanaomfuata kwamba amekwisha kurudi nyumbani.