Palestrina: mtunzi aliyezika na kuendelea kuimba

Juma lililopita nilimtembelea mama mmoja wa parokiani aliyeacha kwaya tangu alipomzika mumewe. Alinieleza kwamba kila akijaribu kuimba koo linakaba na machozi yanatangulia. Sikumbishia. Ila njiani kurudi nilimfikiria mtu ambaye nyimbo zake tulizifanyia mazoezi seminarini, tukizipatia kwa taabu na kuzikosea kwa urahisi. Ni Giovanni Pierluigi, ambaye dunia inamwita kwa jina la mji wake, Palestrina.

Alizaliwa yapata mwaka 1525 katika mji huo, mashariki ya Roma. Akiwa mtoto aliimba katika Basilika ya Bikira Maria Mkuu mjini Roma, na mwaka 1544 akarudi kwao kupiga kinanda cha kanisa kuu. Mwaka 1547 alimwoa Lucrezia Gori, wakajaliwa watoto watatu wa kiume: Rodolfo, Angelo na Iginio. Mambo yalimnyookea pale askofu wa mji wake alipochaguliwa kuwa Papa Yulio III. Mwaka 1551 Papa huyo alimkabidhi kwaya ya Basilika ya Mtakatifu Petro, na Januari 1555 akamwingiza katika kwaya yake mwenyewe, ile ya Sistina, bila mtihani na bila kuwauliza waimbaji waliokuwapo. Ninyi wanakwaya mnajua jambo la namna hiyo linavyopokelewa.

Miezi michache tu, Yulio akafariki. Aliyemfuata, Marcello II, alikaa kama majuma matatu, naye akafariki. Kisha akaja Paulo IV, aliyetaka sheria ishikwe kama ilivyoandikwa: mwimbaji wa Sistina asiwe na mke. Septemba ya mwaka uleule wanaume watatu waliooa waliondolewa, Palestrina akiwa mmojawapo. Walipewa posho ndogo ya kila mwezi. Hebu jiweke mahali pake, msomaji: Januari umepandishwa, Septemba umeshushwa, na kosa lako ni ndoa halali ya kanisani. Mimi ni padre, naheshimu sheria za Kanisa, lakini hilo liliuma, na lingemuuma yeyote.

Alipata kazi katika Basilika ya Laterano, baadaye Bikira Maria Mkuu, na kuanzia mwaka 1566 akafundisha muziki katika Seminari ya Roma, ambako wanawe nao walisoma. Mwaka 1571 alirudishwa kwenye kwaya ya Mtakatifu Petro. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1567, alichapisha Misa aliyoipa jina la yule Papa wa majuma matatu. Kuna hadithi tamu kwamba Misa hiyo ndiyo iliyowazuia mababa wa Mtaguso wa Trento wasipige marufuku nyimbo za sauti nyingi kanisani. Nilifundishwa hivyo, na niliwahi kuihubiri, lakini wanahistoria hawaikubali. Kilicho kweli ni kwamba viongozi wa Kanisa walidai maneno matakatifu yasikike, na katika Misa hiyo, ijapokuwa ina sauti sita, maneno yanasikika.

Alipodhani ametulia, msiba ukaanza. Ilikuwa miaka ya maradhi ya mlipuko mjini Roma. Mwaka 1572 alimzika Rodolfo. Mwaka 1573 akamzika ndugu yake Silla, mwaka 1575 Angelo, na mwaka 1580 Lucrezia, mke wake wa miaka 33. Akabaki na Iginio. Na muda wote huo kwaya ya Mtakatifu Petro ilimngoja. Sikukuu hazikusogezwa mbele kwa sababu mwalimu ana matanga.

Tusimchonge sanamu ya mtakatifu. Baada ya kifo cha mkewe aliomba kuwa mklero, akapokea hatua za mwanzo, kisha ghafla, Machi 1581, akamwoa Virginia Dormoli, mjane tajiri wa mfanyabiashara wa manyoya. Akaingia katika biashara ile pia, na hakuiendesha vibaya. Wapo wanaomcheka. Mimi namwona mtu anayetapatapa, anayeshika kila tawi lililo karibu. Ila tawi moja hakuliachia kamwe. Aliandika Misa zaidi ya 100 na moteti zaidi ya 300, na vitabu vyake vingi vilichapishwa baada ya makaburi yale manne.

Kwa nini muziki huu unafariji? Nilipokuwa seminarini baba yangu alifariki. Nilirudi kutoka mazishini siku chache kabla ya Pasaka, na kwaya yetu ilikuwa ikijiandaa kwa Mkesha kwa wimbo wake wa Zaburi ya 42, ule uitwao Sicut cervus. Sauti ya tatu inaanza peke yake. Ya pili inaipokea, kisha ya kwanza, mwisho besi. Hakuna anayevuta pumzi wakati mmoja na wote. Mmoja akinyamaza, wengine wameshika, na wimbo haukatiki. Mimi nilikuwa besi. Usiku ule nilifungua kinywa mara chache mno. Mwenzangu wa kushoto, ambaye kwa kawaida alikuwa akinitegemea mimi, aliimba sehemu zetu zote mbili. Sikupona usiku ule, wala huzuni haikupungua. Lakini nilisimama ndani ya wimbo ambao haukuhitaji niwe mzima ili uendelee.

Palestrina alifariki tarehe 2 Februari 1594, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, akazikwa Mtakatifu Petro kwa heshima ya mkuu wa muziki. Leo mahali lilipo kaburi lake hapajulikani.

Mama yule nilimwambia habari ya besi aliyenyamaza, basi. Alhamisi alikuja mazoezini. Alikaa kwenye benchi la sauti ya pili, karatasi ya nota mkononi, hakuimba hata neno moja. Walipofika ukurasa wa pili, jirani yake aliyepotea mstari alimtazama, naye akamwonyesha kwa kidole mahali walipo.