Kettering: Aliyerahisisha kuwasha gari, akaachia dunia sumu ya risasi

DEREVA anayegeuza ufunguo na kusikia gari likinguruma papo hapo ananufaika na kazi ya Charles Franklin Kettering, mhandisi wa Marekani aliyeaga dunia Novemba 25, 1958. Mtu huyo huyo alikuwa miongoni mwa walioingiza madini ya risasi katika petroli, sumu ambayo dunia ilichukua karibu karne moja kuiondoa.

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876, katika shamba karibu na mji wa Loudonville, jimbo la Ohio. Alifundisha shule kwa muda kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State, lakini maradhi ya macho yalimlazimu kukatiza masomo. Alipata kibarua cha kutandaza nyaya za simu, kisha akarejea chuoni na kuhitimu katika uhandisi wa umeme mwaka wa 1904, akiwa na umri wa miaka 27.

Mwaka huo aliajiriwa na kampuni ya National Cash Register mjini Dayton. Huko alibuni mota ndogo ya kuendesha rejista ya fedha, ambayo awali ilizungushwa kwa mkono. Mota hiyo haikuhitajika kufanya kazi mfululizo. Ilitakiwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha itulie. Funzo hilo ndilo lililokuja kumpatia jina.

Enzi hizo gari la petroli liliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini. Kazi hiyo ilihitaji misuli, na injini iliporusha hendeli nyuma kwa ghafla iliweza kuvunja mkono wa mtu. Ndiyo sababu baadhi ya wakazi wa mijini, hasa wanawake, walipendelea magari ya umeme, ingawa yalibeba betri nzito na hayakuweza kwenda mbali. Wahandisi wengi waliamini kwamba mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno, na betri yake ingelilemea gari.

Mwaka wa 1909 Kettering na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco, wakifanyia kazi katika ghala lililokuwa nyumbani kwa Deeds. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alitaka hendeli iondolewe. Kettering alilitazama swali hilo kwa jicho la fundi wa rejista. Injini huhitaji kuzungushwa kwa sekunde chache tu, na mota ndogo inaweza kustahimili mzigo mkubwa kwa muda huo bila kuungua. Betri ndogo basi ingetosha, mradi ijazwe tena gari likiwa safarini. Injini ilipowaka, mota ile ile iligeuka jenereta na kuchaji betri, nayo betri ikatoa umeme wa cheche na wa taa. Februari 1911 mtambo huo ulifungwa katika gari la Cadillac na kufaulu. Magari ya kampuni hiyo ya mwaka wa 1912 yaliuzwa yakiwa nao.

Kufikia 1919 hata gari la Ford aina ya Model T lilianza kupatikana likiwa na stata. Magari ya umeme yalipoteza mvuto na kusahaulika kwa miongo mingi. Delco ikaishia mikononi mwa General Motors, na Kettering akaongoza utafiti wa kampuni hiyo kuanzia 1920 hadi alipostaafu 1947.

Hata hivyo, injini za wakati huo zilikuwa na kasoro ya kugonga zinapolemewa, na baadhi ya watu waliulaumu mfumo wa cheche wa Delco. Kettering alimwagiza msaidizi wake, Thomas Midgley, achunguze. Ilibainika kwamba tatizo lilikuwa kwenye mafuta.

Dawa moja ilijulikana mapema. Petroli iliyochanganywa na alkoholi haikugonga, na watafiti wa Kettering waliijaribu na kuisifu kama mafuta ya siku zijazo. Kasoro yake ilikuwa ya kibiashara. Alkoholi hutengenezwa kwa nafaka, viazi au miwa, ilihitajika kwa wingi, na hakuna kampuni ambayo ingeimiliki peke yake. Kenya yenyewe, katika miaka ya 1980, ilichanganya petroli na alkoholi iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi.

Desemba 9, 1921, Midgley aligundua kwamba kemikali yenye risasi ilikomesha mgongo huo wa injini. Gramu tatu hivi zilitosha galoni nzima, na haki za matumizi yake zingeweza kulindwa kisheria. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mjini Dayton Februari 1923 kwa jina la Ethyl, ambalo halikutaja risasi kamwe.

Madhara ya risasi hayakuwa siri, na Midgley mwenyewe aliugua mwaka huo. Agosti 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya Ethyl, Kettering akiwa rais wake wa kwanza. Oktoba mwaka huo wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walifariki baada ya kupagawa kwa sumu hiyo. Wengine walifia katika viwanda vya Dayton na Deepwater.

Mei 1925 serikali iliitisha mkutano jijini Washington. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa maradhi ya viwandani, aliipinga risasi, Kettering aliitetea. Mauzo yalisimamishwa kwa muda, lakini Januari 1926 kamati ya wataalamu ilisema haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, na biashara ikaendelea.

Mchuma janga hula na wa kwao. Risasi ilisambaa hewani na udongoni, ikaingia katika damu ya watoto na kudhuru ubongo wao. Mwanasayansi Clair Patterson alitoa onyo zito mwaka wa 1965, lakini Marekani ilikamilisha marufuku kwa magari ya barabarani 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha kuiuza Julai 2021, na habari hizo zikatangazwa mwezi uliofuata na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu jijini Nairobi.

Kettering hakuishi kuyaona hayo. Aliacha hataza zaidi ya 180, na jina lake linabebwa na mji mmoja wa Ohio pamoja na taasisi ya utafiti wa saratani jijini New York, aliyosaidia kuianzisha 1945. Stata yake ingali inawasha magari kote duniani. Alkoholi aliyoiweka kando leo inachanganywa na petroli katika mataifa mengi, yakiwemo Marekani na Brazil.