Alichekwa, akafia barafuni, na alikuwa sahihi

Ushawahi kuambiwa unyamaze kwa sababu huna karatasi? Mimi niliacha chuo, naijua hiyo. Sasa msikie Alfred Wegener, Mjerumani aliyezaliwa 1880. Karatasi alikuwa nazo, ila za elimu ya nyota. Mwaka wa 1912 aliposema Afrika na Amerika Kusini ziliwahi kushikana, wanajiolojia wengi walimcheka.

Jamaa hakununa. Mwaka wa 1930 aliongoza msafara Greenland. Wenzake wawili walikuwa katika kituo cha Eismitte, kilomita 400 ndani ya barafu, na chakula kilikuwa kidogo. Akawafuata kwa sleji za mbwa, siku 40. Mizigo karibu yote ilibaki njiani. Asije akawamalizia chakula, siku alipotimiza miaka 50 aligeuza na Rasmus Villumsen, kijana wa Greenland. Wote wawili walikufa njiani.

Huko Eismitte, Ernst Sorge alichimba shimo la mita 15, akasoma matabaka ya theluji mwaka baada ya mwaka. Leo wanasayansi hutoboa barafu ya Greenland kilomita 3, wakasoma hali ya hewa ya zaidi ya miaka 100,000.

Na mabara? Miaka ya 1960 sayansi ilikubali yanasonga. Kwa hivyo wakikucheka, wewe chimba tu.