Sam Langford na Uzito wa Ngumi Zake

Miongoni mwa mabondia waliostaafu pasi na kutwaa taji la dunia, ni wachache ambao majina yao yamezua mjadala mrefu kama Sam Langford. Alizaliwa Weymouth Falls, jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, katika miaka ya 1880. Alihamia Boston angali kijana, na mnamo 1902 akaanza kupigana kwa malipo. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 170 tu. Hata hivyo, jarida la The Ring lilipowapanga mabondia 100 wenye ngumi nzito kuliko wote mnamo 2003, lilimweka katika nafasi ya pili, nyuma ya Joe Louis pekee. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 75 tangu pambano lake la mwisho. Uzito huo ulipimwaje?

Shahidi wa kwanza ni filamu, na shahidi huyu ana kigugumizi. Mapambano ya Langford yaliyosalia kwenye filamu ni machache mno. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono; filamu hizo zikionyeshwa kwa kasi ya mitambo ya baadaye, mabondia huonekana wakirukaruka kama vikaragosi, na pigo la kuvunja mbavu likafanana na la mchezo wa watoto. Filamu ya pambano lake na Jim Flynn, lililofanyika California mwezi Machi 1910, yafaa kutazamwa kwa jicho jingine. Tusiitazame kasi ya mkono bali kile kinachompata aliyepigwa. Flynn alizimwa katika raundi ya nane. Huyu si mtu wa kupuuzwa: ndiye aliyekuja kumwangusha Jack Dempsey katika raundi ya kwanza mnamo 1917.

Shahidi wa pili ni maandishi, nayo yana hila zake. Mnamo Aprili 1906, mjini Chelsea, Massachusetts, Langford alipambana na Jack Johnson aliyemzidi uzito kwa zaidi ya kilo kumi. Baadaye ilivuma hadithi, iliyoenezwa na meneja wake Joe Woodman, kwamba Langford alimwangusha Johnson na kunyimwa ushindi. Magazeti yaliyochapishwa papo hapo yanasimulia kinyume: Langford ndiye aliyeangushwa, na Johnson akashinda kwa alama baada ya raundi 15. Msomaji aliyezoea fasihi simulizi hatashangaa. Nguvu za shujaa aghalabu huongezeka kila zinaposimuliwa, kama tujuavyo kutokana na visa vya Fumo Liyongo.

Je, tuyatupilie mbali maandishi yote? La hasha. Ushahidi wa mshindani una thamani kuliko wa meneja, maana hana faida ya kumsifu mpinzani wake. Dempsey alikiri katika kumbukumbu zake kwamba alipokuwa kijana alimwogopa Langford na kukataa kupambana naye. Johnson naye, tangu alipotwaa taji mnamo 1908 hadi alipolipoteza mnamo 1915, hakumpa nafasi ya kuligombea. Kwa maoni yangu, hofu hiyo ina uzito kuliko filamu yoyote. Pia kuna Harry Wills, jitu lililompita Langford kwa kimo na umri wa ujana. Alimshinda mara nyingi, lakini Langford alimzima mnamo 1914 na tena mnamo 1916.

Mnamo 1917, katika pambano na Fred Fulton, jicho lake la kushoto liliharibika, na la kulia likafifia baadaye. Hakuacha. Mnamo 1923, akiwa karibu kipofu, alitwaa taji la uzito wa juu la Meksiko kwa kumzima mpinzani aliyemwona kama kivuli tu. Asiyeona hawezi kutegemea wingi wa mapigo. Sharti lile moja litakalofika litoshe.

Alistaafu mnamo 1926. Mnamo 1944 mwandishi wa habari Al Laney alimkuta Harlem, kipofu na fukara, katika chumba kimoja chenye giza, na makala yake yakawafanya wasomaji wachange fedha za kumkimu. Mnamo 1955 aliingizwa katika orodha ya mabondia mashuhuri ya The Ring. Alifariki mjini Cambridge, Massachusetts, Januari 1956.