Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Gazeti la Al-Islah

Kila mwaka katika kijitabu hiki cha mchango tunatia maisha ya mtu mmoja wa mji wetu. Safari hii ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wazee wanamkumbuka kwa ukadhi wake, na vijana wanamjua kama baba yake Profesa Ali Mazrui. Sisi tumependa kutaja gazeti lake, ambalo halikuishi sana.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, naye mwanachuoni, alifariki mwaka 1894, kwa hiyo mtoto alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Unguja alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Tena alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililochapwa Cairo, na wito wake wa kuwaamsha Waislamu ulimwingia.

Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah, yaani matengenezo, iliyotoka kila wiki kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo hakumbembeleza mtu. Aliwaambia Waislamu wa pwani kuwa wamebaki nyuma kwa sababu elimu wameiacha, na pesa wanazimaliza kwa fahari. Alitaka watoto wa kike wasomeshwe. Alipinga aliyoyaona kuwa ni bidaa, na akapinga vilevile kuwaiga Wazungu bila kufikiri. Na waliokuwa wakiambiwa hayo ni majirani zake, watu wa kusalimiana nao kila siku. (Sisi katika mkutano mkuu twaona haya hata kuwasomea majina wasiolipa ada.)

Gazeti lilidumu kama mwaka mmoja tu. Mwaka huo huo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoishika hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14. Baadhi ya makala zake zilitolewa katika kitabu Uwongozi, mwaka 1944. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, walikuja nao kuwa Makadhi Wakuu.

Katika makisio ya mwaka huu tumetenga fungu la kukusanya nakala za Sahifa na Al-Islah, zipigwe picha na ziwekwe mahali watoto wetu watazisoma. Karatasi ya zamani huliwa na mchwa na unyevu wa pwani. Aliye nayo hata moja ndani ya sanduku la bibi yake, tunamwomba atuazime, tutamrudishia. Asiye nayo, fungu lenyewe bado halijajaa.