Ibn Sina na Kipande cha Radi

Wengi hapa Mbarara wanamjua Abu Ali Ibn Sina kama tabibu, na ndugu zetu wa udaktari hujivunia naye hata wasiposoma kitabu chake kimoja. Mimi wa masomo ya dini nimemfuata kwa jambo jingine: radi.

Alizaliwa mwaka 370 wa Hijra (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipofika miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Qur'ani. Hesabu za Kihindi alifundishwa na muuza mboga. Akikwama katika mas'ala alikwenda msikitini, akaswali na kumwomba Mola amfungulie. Kitabu cha metafizikia cha Aristotle alikisoma mara 40 bila kukielewa, hadi aliponunua sharhe ya al-Farabi kwa dirhamu tatu. Kesho yake akatoa sadaka kwa masikini. Akiwa bado kijana alimtibu Amiri Nuh bin Mansur, akafunguliwa maktaba ya ikulu.

Baba yake akafariki, dola ikayumba, naye akahama. Wenzetu wa Nakivale wanayajua maisha hayo ya mji hadi mji. Alikimbilia Gurganj katika nchi ya Khwarazm.

Ilisemekana zama zile kwamba katika nchi za Waturuki, radi ikipiga, huanguka vipande mfano wa shaba, vyenye umbo la ncha ya mshale. Huko Khwarazm Ibn Sina alipata kipande cha namna hiyo, akakitia motoni akiyeyushe. Hakikuyeyuka. Kilitoa moshi wa kijani mpaka yakabaki mabaki kama majivu. Aliyaandika hayo katika Kitab al-Shifa kama alivyoyaona. Kwetu, radi ikiua ng'ombe, anayetajwa kwanza ni jirani mwenye ugomvi, kwamba ndiye aliyeituma. Watu hufukuzwa vijijini kwa tuhuma hiyo.

Maelezo yake juu ya radi yenyewe hayakuwa sahihi. Alimfuata Aristotle, akaona kwamba ni moshi mkavu ulionaswa ndani ya wingu, ukitoka kwa nguvu na kuwaka. Leo tunajua kuwa ndani ya wingu chembe za barafu na mvua ya mawe laini hugongana zikipandishwa na upepo, chaji za umeme zikatengana, kisha zikapasua hewa. Hewa hiyo hufikia joto la nyuzi 30,000 hivi, ikatanuka ghafla. Huko kutanuka ndiko ngurumo. Lakini alijua kuwa sauti huenda kwa mawimbi ya hewa. Ndiyo maana tunaona umeme kwanza: hesabu sekunde tatu kwa kila kilomita.

Hili si la mtihani tu. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya, Kiryandongo. Novemba 2024 iliua watu 14 wakiwa katika ibada kambini Palabek. Nakivale nako kuna nyumba za udongo na maturubai ambazo haziwezi kuupeleka umeme ardhini kwa usalama. Ngurumo ikisikika, mti si kimbilio. Afadhali jengo kubwa lenye nyaya na mabomba, au gari la bati lililofungwa.

Ibn Sina si mtu wa kupokelewa kila kitu. Imam al-Ghazali alimkosoa vikali katika mas'ala matatu, likiwemo la ufufuo wa miili, na mimi nasimama na Imam. Ila Imam huyohuyo alionya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini. Sioni kwa nini radi iwe na hukumu nyingine.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya misukosuko. Hamadan alifanywa waziri, askari wakamwasi, akajificha siku 40. Baadaye alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, naye aliendelea kuandika humo. Alitoroka kwenda Isfahan amevaa kama Masufi, pamoja na ndugu yake na mwanafunzi wake al-Juzjani.

Ugonjwa wa tumbo ulimzidi safarini kwenda Hamadan. Tabibu huyo akaacha kujitibu, akatubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa anakhitimisha Qur'ani kila siku tatu. Alifariki mwaka 428 (1037), akazikwa Hamadan.